Mwongozo wa Kutoka Nje Theluji Ikianguka

Wengi wanaokutana na theluji kwa mara ya kwanza hufanya moja kati ya mambo mawili. Ama hujifungia ndani mpaka msimu upite, ama huvaa kila kilichomo kabatini, wakatoka, wakalowa jasho, wakaanza kutetemeka na kurudi wakiapa kwamba hawatoki tena. Yote mawili yana dawa, na dawa yenyewe si ujasiri. Ni kuijua theluji ni kitu gani.

Theluji mpya ni hewa na maji, na hewa ndiyo nyingi. Chota ndoo moja ya theluji iliyoanguka usiku wa baridi kavu: karibu asilimia 90 ya ujazo wake, pengine zaidi, ni hewa iliyonaswa katikati ya fuwele, yaani chembe za barafu, na kilichobaki ni maji yaliyoganda. Hewa hiyo ndiyo inayoifanya theluji izuie baridi isifike ardhini, imeze sauti, na ikuache uzame hadi magotini. Maji hayo ndiyo yanayoweza kukulowesha ukaumia, na ndiyo hayo hayo yanayojaza mito miezi kadhaa baadaye. Karibu kila ushauri ulioko hapa unatokana na mojawapo ya hayo mawili.

Hatua ya 1: Angalia upepo, usitosheke na nyuzijoto

Simu ikikuambia ni nyuzi 10 chini ya sifuri, umepata nusu ya habari. Mwili hujizungushia tabaka jembamba la hewa ya uvuguvugu juu ya ngozi, na upepo hulipeperusha kila linapojijenga upya. Kwa kanuni inayotumiwa Kanada na Marekani, nyuzi 10 chini ya sifuri pamoja na upepo wa kilomita 30 kwa saa huipoza ngozi iliyo wazi kama vile ni nyuzi 20 chini ya sifuri. Kipimo hicho cha baridi ya upepo kikishuka hadi 28 chini ya sifuri, ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya dakika 10 hadi 30. Siku ya namna hiyo nenda mahali penye miti mingi ikukinge, au ahirisha. Hakuna anayegawa medali.

Baridi kali bila upepo haichoshi kama watu wanavyodhani. Mimi nikiambiwa nichague kati ya nyuzi 7 chini ya sifuri kukiwa shwari, na nyuzi 1 juu ya sifuri kukiwa na theluji iliyochanganyika na mvua, nachukua ile ya kwanza bila kufikiri. Kwenye baridi kavu theluji inakung'utika kutoka kwenye nguo. Karibu na sifuri inakuyeyukia mwilini.

Tazama pia saa ya jua kuzama. Mjini Stockholm katikati ya Desemba jua huzama kabla ya saa tisa alasiri. Mtu aliyezoea mchana wa saa 12 anaweza kujikuta gizani akiwa bado anajiona ana muda, kwa hiyo tochi iwemo mkobani hata kama umetoka asubuhi.

Hatua ya 2: Vaa kwa tabaka, na uanze ukihisi baridi kidogo

Adui wako mkubwa nje ni jasho lako mwenyewe. Maji husafirisha joto karibu mara 25 kuliko hewa tulivu, hivyo nguo iliyolowa haikukingi tena, inakunyonya joto. Ndiyo maana koti moja nene sana halifai kama nguo tatu za wastani unazoweza kuvua na kuvaa njiani.

Inayogusa ngozi iwe ya sufu nyembamba au poliesta. Isiwe pamba. Pamba hunywa jasho, hulishikilia, na ukisimama kupumzika inakuganda mgongoni. Suruali ya jinzi ni pamba pia, na magoti yaliyolowa ya jinzi katika upepo ni adhabu ambayo mtu huipata mara moja tu. Juu ya hapo vaa sweta ya sufu, au jaketi jepesi lenye manyoya laini ya bata. Manyoya ya bata yanatia joto kuliko kitu kingine chochote cha uzito huohuo kwa sababu yananasa hewa nyingi, lakini yakilowa hunywea na kuwa hayana kazi. Nguo ya nje kabisa kazi yake ni kuzuia upepo na unyevu tu, si kutia joto. Yenye zipu chini ya makwapa ni bora.

Kisha jipime. Simama mlangoni dakika tatu au nne ukiwa umevaa kila kitu. Ukijisikia raha kabisa, umezidisha nguo moja, vua. Baada ya kutembea kidogo mwili utazalisha joto la kutosha. Njiani kanuni ni kuwahi: fungua zipu kabla jasho halijatoka, na ukisimama vaa koti la akiba kabla baridi haijaingia. Sehemu ya kwanza kulowa ni mgongoni pale mkoba unapolalia. Pitisha mkono hapo mara kwa mara, ndipo utakapojua kama mwendo wako ni wa kasi mno.

Hatua ya 3: Miguu, mikono na macho

Buti ziwe na nafasi ya kuchezesha vidole. Kuvaa soksi mbili ndani ya buti linalobana ni kosa la kawaida mno: damu haipiti vizuri, hewa haina pa kukaa, na miguu inaganda haraka kuliko ungevaa soksi moja nzuri ya sufu. Kwa mikono, glavu za aina ya mfuko, ambamo vidole vinne hukaa pamoja, hutia joto kuliko zilizotenganishwa vidole. Beba jozi ya pili ikiwa kavu, maana ya kwanza italowa, hasa ukiwa na watoto.

Macho watu huyasahau. Theluji safi inaweza kurudisha hadi asilimia 80 ya miale ya urujuanimno (UV), ile ya jua isiyoonekana inayounguza, kwa hiyo unapigwa na jua kutoka juu na kutoka chini kwa wakati mmoja. Mlimani hali ni kali zaidi, kwani kila mita 1,000 unazopanda huongeza miale hiyo kwa takriban asilimia 10. Ubaya wa macho kuungua ni kwamba hutaona dalili palepale. Maumivu huja saa kadhaa baadaye, usiku, kama mtu amekumwagia mchanga machoni. Vaa miwani ya jua hata mawingu yakitanda, na krimu ya kukinga jua uipake hadi chini ya kidevu na kwenye tundu za pua.

Hatua ya 4: Maji, chakula, simu

Hewa ya baridi ni kavu, na kila pumzi inaondoka na maji yako. Kiu hutaihisi sana, kwa hiyo kunywa kwa ratiba. Beba kinywaji cha moto kwenye chupa ya chai, na chupa ya kawaida uiweke kichwa chini, kwa sababu maji huanza kuganda upande wa juu na kizibo kitabaki kinafunguka.

Usile theluji ili kukata kiu. Kuyeyusha kilo moja ya barafu hutumia joto karibu sawa na lile la kuyapasha maji ya kilo hiyohiyo kutoka nyuzi 0 hadi 80, na joto hilo litatoka kwako.

Simu ikae mfuko wa ndani. Betri hulegea kwenye baridi na kuzimika ikiwa bado inaonyesha ina chaji.

Hatua ya 5: Safari ya kwanza iwe fupi

Kutembea kwenye theluji ya kina cha goti kunaweza kukuchukua muda mara mbili au tatu ya njia ileile wakati wa kiangazi. Chagua njia iliyokwisha kukanyagwa, isiyo na mteremko mkali, na uamue kabla ya kuondoka saa ya kugeuza. Mkiwa kundi, pokezaneni kutangulia, maana anayefungua njia ndiye anayechoka.

Theluji ikiwa nyingi, azima au kodi viatu vya theluji, vile vipana vinavyofungwa chini ya buti. Vinatandaza uzito wako juu ya hewa yote ile iliyonaswa, nawe huzami sana. Ndani ya dakika kumi utakuwa umevizoea, tofauti na skii, zile mbao ndefu za kutelezea, zinazohitaji siku kadhaa na maanguko ya kutosha. Wanadamu walilitatua tatizo hili zamani: skii iliyochimbuliwa Kalvträsk, kaskazini mwa Sweden, ina umri wa takriban miaka 5,200.

Kwa sleji ya watoto, kile kigari cha kutelezea mteremkoni, kanuni ni chache: kaa, miguu itangulie mbele, kofia ngumu kichwani, na mteremko uishie mahali tambarare pasipo na miti, uzio wala barabara. Na wakitaka kuunda sanamu ya theluji siku ya baridi kali halafu ikawa inamwagika kama unga, si kosa lao. Theluji kavu haishikani. Wasubiri nyuzi zikaribie sifuri, ambapo kila fuwele huwa na utando wa maji juu yake.

Hatua ya 6: Isome theluji

Hapa ndipo starehe yenyewe ilipo, na haihitaji vifaa vya gharama.

Anza na masikio. Asubuhi baada ya theluji kuanguka, mtaa huwa kimya kwa njia isiyo ya kawaida, kwa sababu vile vijitundu vya hewa humeza sauti. Kisha sikiliza hatua zako. Karibu na nyuzi sifuri theluji hunyamaza au hutoa mlio wa kubanwa; nyuzi zikishuka kama 10 chini ya sifuri au zaidi, fuwele hazitelezi tena bali zinavunjika, na buti huanza kulia. Ukizoea unaweza kukisia baridi kwa sikio.

Baadaye tazama fuwele. Chukua kitambaa cheusi cha sufu na lenzi ya kukuzia, uviache nje robo saa vipoe kabisa. Nyoosha kitambaa theluji ikianguka taratibu, geuza uso pembeni usiipumulie, kisha tazama. Utaona ncha sita, kwa sababu molekuli za maji hujipanga kwa pembe sita zinapoganda. Umbo lenyewe hutegemea hali ya wingu ilikotoka: karibu na nyuzi 5 chini ya sifuri hujitokeza sindano na vijiti, na karibu na nyuzi 15 chini ya sifuri, penye unyevu mwingi, hutokea zile nyota zenye matawi. Wilson Bentley, mkulima wa Jericho katika jimbo la Vermont, Marekani, alipiga picha yake ya kwanza ya fuwele moja kwa darubini Januari 1885 na akaendelea hadi zikapita 5,000. Mwaka 1936 Ukichiro Nakaya wa Japani aliitengeneza fuwele ya theluji maabara, na ndiye aliyeonyesha kwa mpangilio jinsi joto na unyevu vinavyoamua umbo. Ukiokota nyota kwenye kitambaa chako, umejua wingu lilikuwa na baridi kiasi gani bila kupanda huko.

Halafu nyayo. Za sungura huwachanganya wengi: alama mbili kubwa za mbele ni za miguu ya nyuma, kwani anaporuka miguu ya nyuma hutua mbele ya ile ya mbele. Mbweha huenda kwa mstari ulionyooka, alama moja baada ya nyingine. Nyayo zinazoanzia kwenye shina la mti mmoja na kuishia kwenye shina la mwingine ni za kindi.

Ukiona kitundu kidogo kimetokeza juu bila nyayo za kukifikia, ujue kuna maisha chini. Theluji ikizidi sentimita 20 hivi, joto la ardhi hubaki karibu na nyuzi sifuri hata kama juu ni nyuzi 30 chini ya sifuri. Panya wa porini hupitisha msimu mzima katika nafasi iliyopo kati ya ardhi na theluji, wakitembea kwenye vijia vyao na kula mizizi na mbegu. Bundi na mbweha huwasikia kupitia theluji na kuwarukia bila kuwaona. Ngano iliyopandwa kabla ya baridi hukingwa kwa njia hiyohiyo. Msimu wa baridi kali usio na theluji ndio unaoua mimea na vijidudu vya udongoni, jambo ambalo mtu wa mjini halifikirii anapoilaani theluji iliyofunika gari lake.

Hatua ya 7: Mahali pa kutokwenda

Mlimani, ogopa miteremko yenye mwinamo wa nyuzi 30 hadi 45. Maporomoko mengi ya theluji huanzia hapo, na katika ajali nyingi anayeyaanzisha ni mhanga mwenyewe au mwenzake. Nchi nyingi zenye milima hutoa taarifa za hatari kwa daraja la 1 hadi 5. Daraja la 3 linasikika kama la katikati, hivyo watu hulidharau, na ndilo linalohusika na vifo vingi. Usipite nje ya njia zilizofunguliwa bila mafunzo, kifaa cha kutuma na kupokea mawimbi ya kutafutana, fimbo ndefu ya kuchomea na koleo, na wenzako wawe navyo pia. Aliyefukiwa ana nafasi kubwa ya kupona akifukuliwa ndani ya dakika 10 hivi. Baada ya hapo nafasi hiyo huporomoka. Kikosi cha uokoaji ni nadra kufika kwa muda huo.

Ziwa lililoganda lisikuvutie kwa weupe wake. Kwa mtu anayetembea, barafu angavu isiyo na nyufa inapaswa kuwa na unene wa sentimita 10 angalau. Barafu nyeupe, iliyochanganyika na theluji, ina nguvu kama nusu yake. Na theluji iliyoifunika barafu huikinga na baridi, kwa hiyo inaganda polepole. Panapoonekana salama zaidi huenda ndipo pembamba zaidi. Mito na midomo ya vijito iache kabisa.

Gari likikwama, safisha theluji kwenye bomba la moshi kabla ya kuwasha injini. Bomba likiziba, kaboni monoksaidi huingia ndani, nayo haina harufu. Kwa sababu hiyohiyo usiwashe jiko ndani ya hema lililofungwa.

Hatua ya 8: Mtazame mwenzako

Joto la mwili likishuka chini ya nyuzi 35, anayeumia huwa wa mwisho kujua. Anaanza kujikwaa, kuangusha vitu, kumung'unya maneno, kununa bila sababu. Usibishane naye. Mpeleke pasipo na upepo, mvue nguo zilizolowa, mvike kavu, mpe kinywaji cha moto chenye sukari kama anaweza kumeza bila shida. Pombe hapana: humfanya ajisikie joto huku likimtoka. Akiacha kutetemeka ilhali bado ni wa baridi, au akisinzia, hiyo ni dharura ya hospitali.

Ngozi ikianza kuganda huwa na ganzi na kupauka. Kwa ngozi nyeusi tafuta rangi ya kijivu au iliyofifia, na mguso mgumu kama nta. Ipashe joto kwa kuigusisha ngozi nyingine, kama vile vidole kwapani. Usiisugue, na kamwe usiisugue kwa theluji, hata kama uliwahi kuusikia ushauri huo.

Hatua ya 9: Rudi na kopo la theluji

Kabla ya kuingia ndani, chukua kopo lenye kuta zilizonyooka. Pima kina cha theluji kwa rula mahali tambarare, mbali na ukuta na mahali ambapo upepo umerundika. Lididimize kopo kichwa chini hadi ardhini, pitisha sahani bapa chini yake, geuza, ingia nalo ndani. Wakati buti zinakauka (zijaze karatasi, usizisogeze karibu na moto), theluji itayeyuka.

Sentimita 20 za theluji ya kawaida zitakupa takriban sentimita 2 za maji, ingawa kavu sana hutoa chini ya hapo na nzito huzidi. Sentimita 2 za maji ni lita 20 kwa kila mita moja ya mraba. Juu ya paa la mita za mraba 100 ni tani mbili, na hapo utaelewa kwa nini kusukuma theluji kwa koleo huwaangusha watu wenye matatizo ya moyo.

Hesabu hiyo hiyo ndiyo inayoendesha miji. Mwanzoni mwa karne ya 20, James Church, mwalimu wa Kilatini katika Chuo Kikuu cha Nevada, alitengeneza bomba la kuchomeka kwenye theluji ya mlima na kuipima uzito, ili kujua mapema maji yatakayoteremka majira ya kuchipua. Kipimo hicho kinatumika hadi leo katika milima ya Sierra Nevada, ambayo theluji yake huipatia California takriban asilimia 30 ya mahitaji yake ya maji. Tarehe 1 Aprili 2015 wapimaji walifika Phillips Station, kituo cha kupimia theluji katika milima hiyo, wakakuta nyasi tupu. Maji ya theluji kwa jimbo zima yalikuwa asilimia 5 tu ya wastani. Siku hiyohiyo gavana Jerry Brown aliagiza matumizi ya maji mijini yapunguzwe kwa asilimia 25. Mvua ingenyesha kiasi kilekile bado tatizo lingebaki, kwa sababu mvua ya Januari hukimbilia baharini Januari, lakini theluji husubiri mlimani hadi mashamba yanapoihitaji. Joto la dunia linapopanda, sehemu ya theluji hugeuka mvua, na iliyobaki huyeyuka mapema. Isitoshe, theluji mpya hurudisha angani asilimia 80 hadi 90 ya mwanga wa jua. Ardhi iliyo wazi humeza sehemu kubwa, na kupasha joto zaidi.

Rudia kipimo hicho kila wiki, mahali palepale, na uandike tarehe, kina na maji. Kina kikipungua huku maji ya kopo yakibaki kiasi kilekile, theluji imejishindilia tu. Maji yenyewe yakianza kupungua, imeanza kuyeyuka kweli: zibua mifereji ya paa na ya barabarani, na usikanyage tena barafu ya ziwa.